Usilaumu Spika Yako: Lebo Zilizoupa Muziki wa Bongo Sauti Safi

Chukua wimbo wa Remmy Ongala uliopandishwa YouTube kutoka kwenye kaseti ya zamani. Mara nyingi utasikia kama bendi imefungiwa ndani ya pipa. Halafu tafuta albamu yake ya Songs for the Poor Man. Besi imenyooka, magitaa yanapishana bila kugombana, na sauti ya Dokta iko karibu kana kwamba amekaa pembeni yako. Spika ni ileile na bando ni lilelile. Tofauti ni nani alirekodi, na nani alikuwa na mkanda wa kwanza mkononi.

Hii stori haikuanza jana.

Bombay, 1928

Siti binti Saad wa Unguja alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi na HMV, lebo ile yenye mbwa anayesikiliza gramafoni. Muda ulikuwa mzuri kwao. Miaka mitatu tu kabla, kampuni kubwa zilikuwa zimeanza kurekodi kwa maikrofoni ya umeme badala ya kuimbia kwenye pembe la bati. Upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu, kwa hiyo wimbo mrefu wa taarab ilibidi ukatwe. Hata hivyo mambo yalikubali: hadi mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri zaidi ya 70,000 za Siti na wenzake. Ila kumbuka, studio ilikuwa ng'ambo ya bahari.

Nairobi na Mombasa wana santuri, Dar ina redio

Baada ya hapo biashara ya santuri ikahamia Kenya. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, Mombasa ikawa na lebo ya Mzuri. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro walirekodi na Mzuri. Mbaraka Mwinshehe naye alifuata studio Nairobi. Tanganyika, baadaye Tanzania, haikuwa na kiwanda cha santuri.

Kilichokuwepo ni Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bendi ilikuwa inaingia studio za Barabara ya Pugu na kupiga wimbo mzima kwa mpigo, moja kwa moja kwenye mkanda. Hakuna kusema "tutarekebisha baadaye". Mpiga tarumbeta akikosea, wote wanarudi mwanzo. Vifaa havikuwa vya kifahari, lakini bendi zilikuwa zinapiga ukumbini usiku baada ya usiku, hivyo ziliingia studio zikiwa zimeiva.

Kwa watu wengi hiyo RTD ndiyo ilikuwa lebo. Kijana wa Ngorongo, kule Rufiji, hakuhitaji duka la santuri wala umeme. Alihitaji redio na betri, zikichoka anazianika juani zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi. Watu wa deltani, Utete na Kibiti walizijua Msondo na Mlimani Park kwa njia hiyo.

Wazungu wanaingia na mashine zao

Mwaka 1988 GlobeStyle ya London ilifanya jambo la maana: badala ya kuwapeleka wanataarab Ulaya, ikapeleka vifaa vyake Zanzibar. Ikhwani Safaa na Culture Musical Club wakarekodiwa nyumbani kwao. Zile CD, ukizisikiliza leo, fidla, kanuni na akodiani kila kimoja kina nafasi yake.

Mwaka huohuo Remmy alienda Uingereza kwenye tamasha la WOMAD, baada ya kaseti yake kufikishwa huko na rafiki. Mwaka 1989 Real World, lebo ya Peter Gabriel, ikatoa Songs for the Poor Man. Studio yao iko kijiji cha Box, kwenye jengo lililokuwa kinu cha maji. Chumba kikubwa ni kimoja, fundi mitambo na wanamuziki wanaonana uso kwa uso. Hukwe Zawose naye akapita Real World na ilimba zake, na mwaka 2024 mwanawe Pendo na mjukuu wake Leah wakatoa Maisha kwa lebo hiyohiyo.

Ukitaka kusikia vizuri

Kila kaseti ikinakiliwa, mvumo unaongezeka na sauti za juu zinakufa. Nakala ya nakala ya nakala haiokolewi na hedifoni za bei mbaya. Kwa hiyo tafuta lebo iliyorudi kwenye mkanda wenyewe. Mfano mzuri ni mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique, Ufaransa, ulioanza 2005: namba 3 ni dansi la miaka ya 60, namba 5 ni Dar ya 1978 hadi 1983. Lebo makini huandika pia wimbo ulirekodiwa wapi, lini, na nani alipiga nini. Usipoona hata mwaka, shtuka.

Sasa hapo ndipo panapouma. Muziki uliopigwa Dar, kwa Kiswahili, na watu wa hapahapa, mara nyingi nakala yake safi inauzwa kutoka Paris au Uingereza. Mikanda ya RTD ambayo leo iko TBC ni mali ya taifa, lakini mkanda wa sumaku hauna subira. Joto na unyevu wa Dar vinaula taratibu, na ukishaharibika hakuna programu ya kuurudisha.

Mjukuu wa yule kijana wa Ngorongo ana simu, ana bando, na ana masikio. Anachokosa ni lebo ya hapa nyumbani ya kumfungulia stoo ya babu yake kabla mkanda haujanyamaza. Je, wasanii wetu wenye lebo zao, na hela wanayo, hawalioni hili?