Fleti za kale za New York: Yaliyofichika nyuma ya rangi mpya

KATIKA jiji la New York, madalali wa nyumba wana maneno machache yanayotosha kupandisha bei ya fleti kabla mnunuzi hajavuka kizingiti: kwamba jengo ni la 'kabla ya vita'. Vita vinavyotajwa ni Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na majengo yenyewe ni yale yaliyojengwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka wa 1940 hivi. Fleti ikiuzwa kwa hatimiliki yake yenyewe, ilhali paa, ngazi na kuta za nje ni mali ya wote, Wamarekani huiita kondo. Kwetu sisi kondo ni vita au ugomvi, na maneno haya mawili hayana ukoo wowote, ingawa aliyewahi kuhudhuria mkutano wa wamiliki wanaogombania gharama ya paa anaweza kusadiki vinginevyo.

Sifa za nyumba hizi zinajulikana. Dari zake huwa juu kuliko za majengo yaliyofuata, kuta ni nene na zimepigwa plasta ya tabaka kadhaa, na sakafu ni za mbao ngumu zilizopangwa kwa ustadi. Vyumba vimetengwa kwa milango, si ukumbi mmoja mkubwa ambamo harufu ya samaki wa kukaangwa humfuata mgeni hadi kitini. Katika zile kubwa, chumba kidogo cha mtumishi kimejificha kando ya jikoni. Leo wengi wamekigeuza ofisi au wamebomoa ukuta ili kupanua jiko.

Mfano mzuri ni jengo la Ansonia, lililoko Broadway kati ya barabara ya 73 na ya 74 katika mtaa wa Upper West Side. Lilikamilika mwaka wa 1904 likiwa hoteli ya makazi yenye orofa 17. Mwenyewe, William Earl Dodge Stokes, alifuga kuku, bata, mbuzi na hata dubu mdogo juu ya paa, na mayai mabichi yakawa yakipelekewa wapangaji, hadi idara ya afya ya jiji ilipofunga shamba hilo mwaka wa 1907. Unene wa kuta uliwavutia wanamuziki, kwa kuwa mtu angeweza kuimba usiku bila ya kumkera jirani. Miongoni mwa waliokaa humo ni mwimbaji Enrico Caruso na kiongozi wa okestra Arturo Toscanini.

Mwaka huo huo wa 1904, mwezi wa Oktoba, reli ya kwanza ya chini ya ardhi ya New York ilifunguliwa, na kituo chake kimoja kikawa barabara ya 72, hatua chache tu kutoka Ansonia. Hapa ndipo penye siri ya mitaa ya aina hii. Ramani ya mwaka wa 1811 iliikata Manhattan kwa barabara zilizo umbali wa mita 80 hivi kutoka moja hadi nyingine, kwa hivyo mwenda kwa miguu hafungwi na ukuta mrefu usio na njia. Chini ya fleti kuna maduka, vinyozi na mikahawa. Bustani ya Riverside iko upande wa magharibi na Central Park upande wa mashariki, zote zikifikika kwa miguu bila ya kutoka jasho. Majengo mengi ya enzi hiyo hayana maegesho ya magari, na wakazi wengi hawalioni hilo kuwa upungufu.

Lakini jengo kongwe halikuja kuwa kondo kwa amani. Sheria ya jimbo la New York inayoruhusu umiliki wa namna hii ilipitishwa mwaka wa 1964. Kabla ya hapo, na hata baadaye, majengo mengi ya kabla ya vita yaligeuzwa vyama vya ushirika, ambapo mnunuzi hupewa hisa wala si hatimiliki, na halmashauri inaweza kumkataa. Ndiyo sababu kondo za kale ni chache na ghali zaidi. Ansonia ilikuwa imechakaa kufikia miaka ya 1960, na wapangaji wakapigana kuiokoa isibomolewe; mwaka wa 1972 jiji likaitangaza kuwa turathi. Iligeuzwa kondo mwaka wa 1992, ilhali baadhi ya wapangaji wa zamani walibaki wakilindwa na sheria za kodi. Tangu mwaka wa 2019, mmiliki anayetaka kugeuza jengo la kupangisha ni lazima apate angalau asilimia 51 ya wapangaji walio tayari kununua. Awali asilimia 15 ilitosha. Kwa maoni yangu, hiyo ni haki iliyochelewa.

Humu nchini, sheria ya kumiliki sehemu ya jengo ilikuwako tangu mwaka wa 1987, lakini wanunuzi wengi waliendelea kupewa mikataba mirefu ya upangaji hadi ilipoandikwa upya mwaka wa 2020.

Tuje kwa ukarabati, ambao ndio unaowaponza wengi. Fleti iliyopakwa rangi nyeupe na kuwekwa meza ya jiko ya marumaru yaweza kuwa bado na nyaya za umeme zilizofunikwa kwa kitambaa, pamoja na mabomba ya chuma yaliyoziba kwa kutu. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa watoto. New York ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka wa 1960, na serikali ya Marekani ikafuata mwaka wa 1978. Fundi akizikwaruza bila ya kinga, vumbi lake huwa hatari kuliko rangi iliyotulia ukutani. Ndiposa tangu mwaka wa 2010 wanaokarabati nyumba za kabla ya 1978 wanatakiwa wawe na kibali maalumu. Aidha, halmashauri nyingi hazimruhusu mtu kuhamishia bafu au jiko juu ya chumba cha kulala cha jirani wa chini. Wanaojua kuvuja kwa maji hawahitaji kuelezwa sababu.

Joto la majira ya baridi hutoka kwenye boila moja chini ya jengo, nalo husafiri kama mvuke. Mabomba hugonga usiku kama mtu aliyefungiwa nje, na mara nyingi mkazi hana uwezo wa kupunguza ila kufungua dirisha theluji ikianguka. Uharibifu huo sasa una bei: sheria namba 97 ya mwaka wa 2019 inaweka kikomo cha hewa chafu kwa majengo yenye zaidi ya futi mraba 25,000. Vikomo vilianza mwaka wa 2024, na vitakazwa mwaka wa 2030.

Uzito zaidi uko nje. Mwaka wa 1979 mwanafunzi wa chuo aliuawa na kipande cha jengo kilichoanguka Broadway alipokuwa akipita njiani. Mwaka uliofuata jiji lilitunga sheria ya kukagua kuta za nje, na mwaka wa 1998 ikapanuliwa. Majengo yanayozidi orofa sita hukaguliwa kila baada ya miaka mitano. Kasoro ikipatikana, jukwaa hujengwa juu ya njia ya wapita njia, mafundi wa mawe huitwa, na gharama hugawanywa kwa wamiliki wote, akiwemo aliyehamia wiki iliyopita.

Kwa hivyo wakili mzoefu wa huko, kabla ya kumwuliza mteja kama ameipenda sakafu, huomba kumbukumbu za mikutano ya halmashauri za miaka michache iliyopita, hesabu za mfuko wa akiba na ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa kuta. Humo ndimo anamosoma kama boila imezeeka, kama paa limekwisha kuzua mabishano, na kama kuna mchango wa ziada unaosubiri kutangazwa baada ya mauzo.