Maonyesho yaliyowakataa waamuzi: Historia ya chama cha wasanii huru wa Paris

WAHENGA walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu kizuri kilichofungiwa mlango kabla hakijafika sokoni. Hilo ndilo lililowasibu wachoraji wengi wa jiji la Paris, Ufaransa, katika karne ya 19. Ndilo pia lililowasukuma, mwaka 1884, kuanzisha maonyesho yao wenyewe, yaliyoendeshwa na wasanii kwa kujitolea, bila waamuzi na bila tuzo.

Enzi hizo, mchoraji aliyetaka kujulikana alikuwa na njia moja kuu, nayo ni maonyesho rasmi yaliyoitwa Salon. Kabla ya picha kutundikwa, jopo la waamuzi liliikagua na kuamua iingie au irudishwe kwa mwenyewe. Wengi wa waamuzi hao walikuwa wasanii waliokwisha kujipatia vyeo na nishani, na walipendelea kazi zilizofanana na zao. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake.

Mwaka 1863 malalamiko yalizidi hata mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, akaagiza kazi zilizokataliwa zionyeshwe kando ili umma ujionee. Watu walifurika, wengi wao wakienda kucheka. Miongoni mwa zilizochekwa ni picha ya Édouard Manet ya watu wakila mandari msituni, ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Orsay na kuhesabiwa miongoni mwa hazina za Ufaransa.

Mwaka 1884 jopo lilikataa tena kazi nyingi. Mojawapo ilikuwa picha kubwa ya Georges Seurat, kijana wa miaka 24, iliyowaonyesha watu wakioga na kupumzika kando ya mto Seine. Safari hii waliokataliwa hawakungoja huruma ya mtawala. Waliungana, wakapata jengo la muda katika uwanja wa Tuileries, na mnamo Mei 15 wakafungua milango. Wasanii wapatao 400 walishiriki. Picha ya Seurat ilitundikwa katika sehemu ya kuuzia vinywaji.

Umoja huo nusura uvunjike mara tu baada ya kuzaliwa. Kamati ya kwanza ililaumiwa kwa matumizi mabaya ya fedha, na mikutano ikageuka kuwa ya makelele na shutuma. Aliyeokoa jahazi ni Albert Dubois-Pillet, afisa wa kijeshi aliyejifunza uchoraji mwenyewe. Ndiye aliyeandika katiba ya chama kipya, Chama cha Wasanii Huru, akisaidiana na wenzake kama vile Seurat, Paul Signac na Odilon Redon. Kifungu cha kwanza kilieleza kwamba chama kinapinga majopo ya kuteua kazi, na kwamba kila msanii awe na uhuru wa kuuletea umma kazi zake uzihukumu wenyewe.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mwanachama alilipa ada, akapata haki ya kutundika idadi fulani ya picha. Kazi ya kuzipokea, kuziorodhesha na kuzitundika ilifanywa na wanachama wenyewe, wakiacha shughuli zao. Dubois-Pillet alijitolea licha ya wakubwa wake jeshini kutopendezwa na jambo hilo, hadi alipofariki kwa ndui mwaka 1890. Seurat naye alishughulika na utundikaji wa maonyesho ya mwaka 1891, na kabla hayajafungwa akaugua ghafla na kufa akiwa na umri wa miaka 31.

Je, mlango huo wazi ulizaa matunda gani? Mwaka 1886 aliingia Henri Rousseau, mtoza ushuru ambaye hakuwahi kusomea sanaa. Watazamaji walimcheka mwaka baada ya mwaka, naye akazidi kuleta picha karibu kila mwaka hadi alipofariki mwaka 1910. Mwaka 1888 ilikuwa zamu ya Mholanzi Vincent van Gogh, aliyeonyesha picha tatu. Mwaka 1890, miezi michache kabla ya kifo chake, alionyesha kumi.

Uhuru huo ulikuwa na gharama, kwani mlango unaompitisha Van Gogh humpitisha pia asiyejua kushika brashi. Mwaka 1910 mwandishi Roland Dorgelès na marafiki zake waliamua kuwafanyia waandalizi mzaha. Walimfunga punda brashi mkiani, wakampa karoti ili autikise mkia, na picha iliyopatikana wakaipeleka kwa jina la mchoraji asiyekuwepo, Boronali. Ilitundikwa kama nyingine zote. Siri ilipofichuliwa, wapinzani wa chama waliangua kicheko. Ukweli ni kwamba chama hakikuwa kimevunja kanuni yake. Hakikuwahi kudai kwamba kila kilichotundikwa ni kizuri.

Mtihani mgumu zaidi ulitoka ndani. Mwaka 1906 Henri Matisse alileta picha ambayo Signac, mmoja wa viongozi, aliichukia. Pamoja na hayo ilitundikwa, kwa kuwa kanuni haikumpa Signac mamlaka ya kuizuia. Mwaka 1912 mambo yalienda mrama. Marcel Duchamp alileta picha ya mtu akishuka ngazi, na wachoraji wenzake waliokuwa wakipanga ukumbi wakaona haiafiki mtindo wa kundi lao. Waliwatuma kaka zake wamwombe abadilishe jina lake. Duchamp hakubishana, alikwenda akaichukua picha yake na kurudi nayo nyumbani kwa teksi. Miaka mitano baadaye, jijini New York, chama kilichoiga kanuni za Paris kilikataa kuonyesha choo cha kukojolea alichokiwasilisha kwa jina la bandia, ilhali ada ilikuwa imelipwa. Duchamp, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi, alijiuzulu.

Visa hivyo viwili vinaonyesha mahali ulipo uzito wa maonyesho ya aina hii. Kubeba fremu na kupiga misumari si kazi ngumu kwa anayejitolea. Kazi ngumu ni kujizuia asigeuke kuwa mwamuzi siku atakapoletewa asichokipenda.

Signac alikiongoza chama kuanzia mwaka 1908 hadi 1934. Maonyesho yake yangali yanafanyika jijini Paris, na tangu mwaka 2006 yamekuwa yakiandaliwa kwa pamoja na ya vyama vingine vya wasanii.

Majina ya maelfu walioonyesha humo yamesahaulika. Lakini mwaka 1897 Rousseau alitundika humo picha ya mwanamke aliyelala jangwani, simba akimnusa. Aliposihi mji wake wa kuzaliwa, Laval, uinunue, ulikataa. Leo picha hiyo imo katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, New York.