Udhaifu wa Nguvu za Kiume kwa Kijana: Lini Aende kwa Daktari na Sharia Inasemaje



Tumeletewa suala na kijana wa Pemba anayefanya biashara Shanwe, katika Manispaa ya Mpanda, mkoa wa Katavi. Ameoa na kumchukua mkewe huko Bara, na ndoa ina miezi mitano. Tangu fungate hajaweza kumwingilia mkewe. Mama yake anasema amefungwa na watu. Rafiki zake wamemuuzia unga anaoulamba kabla ya kulala, na sasa moyo unamwenda mbio usiku. Mke anataka kurudi kwao. Kijana anauliza: je, ampe talaka asimdhulumu?

Tunajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu masuala ya namna hii yanatufikia mengi na wengi wanaouliza hawataki hata kutaja wanatoka kijiji gani.

Kwanza, tuondoe haya isiyokuwa na mahali. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mwanamke aliyekuwa ameachwa na Rifa'a akaolewa na Abdurrahman bin Zabir alikuja kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), akaeleza udhaifu wa mume wake mpya kwa kushika pindo la nguo yake. Khalid bin Said, aliyekuwa mlangoni, alimtaka Abubakar amkemee. Mtume hakumkemea, alitabasamu, kisha akamweleza hukumu ya kumrudia mume wa mwanzo. Basi ikiwa mbele ya Mtume jambo hili lilisemwa, vipi lisisemwe mbele ya daktari? Makatazo ya kutoa siri za chumbani ni kwa wanaozitangaza vibarazani. Mgonjwa anayejieleza kwa tabibu hayumo. Na utupu unajuzu kutazamwa kwa dharura ya matibabu, kwa kiasi cha haja, na mwanamme atangulize daktari mwanamme akipatikana.

Pili, tujue tatizo lenyewe. Uume husimama kwa damu kuingia kwa wingi na kuzuiliwa ndani, kwa amri ya ubongo inayopita katika mishipa ya fahamu, na homoni zikisaidia. Kwa hiyo kasoro inaweza kutoka popote katika njia hiyo. Kushindwa siku moja au wiki moja si maradhi. Bwana harusi aliyekesha siku tatu, mwenye deni la mahari na sherehe, anayejua kuwa nje kuna somo na shangazi wanaosubiri habari, ni ajabu akiweza. Khofu yenyewe hufunga mishipa ya damu. Akishindwa mara ya kwanza, usiku wa pili anaingia akijichunguza badala ya kuwa na mkewe, na hivyo khofu inazaa khofu. Kwa vijana sababu hii ni ya kawaida sana, na sisi wazee tunaichochea kwa maswali yetu ya asubuhi.

Kuna alama moja ambayo madaktari huiuliza mwanzo: je, uume husimama wenyewe alfajiri au usingizini? Ukisimama vizuri wakati huo lakini si mbele ya mke, mara nyingi mwili uko salama na mzigo uko kwenye fikra. Ukiwa hausimami wakati wowote, au nguvu zimepungua polepole kwa miezi, mwili unahitaji kupimwa. Kisukari huweza kuanza kujulikana kwa njia hii, hasa kikifuatana na kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Shinikizo la damu, unene, sigara, pombe, bangi na unga wa kulevya ambao umetuharibia vijana wengi visiwani, vyote vimo. Zimo pia baadhi ya dawa za presha na za sonona, kwa hiyo anayezitumia asiziache mwenyewe bali amwambie aliyemwandikia. Na mishipa ya uume ni midogo kuliko ya moyo, hivyo huweza kuziba kabla yake. Udhaifu huu huenda ukawa onyo la mapema la maradhi ya moyo.

Hapa tuseme neno kuhusu punyeto. Hukumu yake kwa Mashafi na wanavyuoni wengi ni haramu, na kutazama picha chafu ni haramu bila khilafu. Lakini wapo wauzaji wanaowaambia vijana kwamba waliyoyafanya ubalehe yameua mishipa moja kwa moja na dawa ni chupa zao tu. Hilo halina ushahidi wa kitabibu. Kijana atubie kwa Mola wake, na toba haina bei ya duka.

Sasa lini aende hospitali? Tatizo likiendelea miezi mitatu, aende. Likimtia unyonge au likitikisa ndoa, asingoje hata hiyo miezi mitatu. Na aende siku hiyo hiyo akiumia uume kwa kishindo na kuvimba; au uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, jambo ambalo wagonjwa wa selimundu hulipata na likichelewa huharibu kabisa; au akipata ganzi sehemu za siri pamoja na miguu kulegea au mkojo kuzuilika. Aliye Shanwe anayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi hapo hapo Mpanda. Aliye Unguja anayo Mnazi Mmoja, na Pemba ipo Abdulla Mzee, Mkoani. Atapimwa presha, sukari, mafuta ya damu, na pengine homoni, ambayo damu yake huchukuliwa asubuhi. Mke akikubali kufuatana naye ni bora zaidi.

Ama huo unga, tunauhisi ni ule uitwao vumbi la Kongo. Katavi inapakana na Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya Karema ni Kongo yenyewe, kwa hiyo jina linauzika. Anayeununua hajui kilichomo. Katika nchi nyingi dawa zilizouzwa kama za mitishamba zimepimwa zikakutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafil, ambayo ni dawa ya hospitali. Dawa hiyo ikitumiwa na mwenye dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha huweza kushuka hadi kuua. Kijana wetu ambaye moyo unamwenda mbio aache unga huo leo, na amwonyeshe daktari kilichobaki. Hatukatazi tiba asili. Tunakataza kula usichokijua. Supu ya pweza nayo ni chakula kizuri, anywe kwa raha yake, ila asiifanye matibabu.

Kuhusu kufungwa: hatukanushi sihri, na aya ya 102 ya Suratul Baqarah imetaja watu wanaojifunza cha kuwafarikisha mtu na mkewe. Basi kijana ajisomee Mu'awwidhatayn na Ayatul Kursiy, bila ya kumlipa mganga na bila ya kumtuhumu jirani. Na Mtume ameamrisha kutafuta dawa. Kisomo na vipimo vinakwenda pamoja. Kisomo hakiwi sababu ya kuchelewesha vipimo.

Tunarudi kwenye talaka. Mume asiyeweza kuingilia anaitwa na mafaqihi 'inniin. (Watu wetu humwita hanithi, neno ambalo visiwani limekuwa tusi la jambo jengine kabisa, kumwita hivyo mgonjwa ni dhulma.) Imepokewa kutoka kwa Umar bin Khattab (Radhiya Allaahu 'anhu) kwamba alimpa mume wa namna hiyo muda wa mwaka mmoja, na ndio kauli ya wengi katika madhehebu manne. Mwaka huo ni wa mwezi, na huanza siku Kadhi anapoupanga kwa ombi la mke, si siku ya harusi. Wamesema hekima yake ni misimu yote ipite, kwani huenda joto au baridi ya mwili ikabadilika. Sisi tunaona pia kwamba mwaka ni muda wa kutibiwa. Ukipita bila ya kuweza, mke ana haki ya kuomba faskhi, na hatendi dhambi. Kuhusu mahari pana khilafu, aachiwe Kadhi. Na kwa Mashafi, mume akiweza hata mara moja katika ndoa hiyo, haki ya faskhi kwa sababu hii huondoka, ingawa njia nyengine kama khului zimebaki.

Zanzibar shauri hili hupelekwa Mahakama ya Kadhi. Bara hakuna Kadhi mwenye nguvu ya dola, kwa hiyo wawili hawa waanze kwa masheikh wa BAKWATA Mpanda kwa usuluhishi. Ikishindikana, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kubatilisha ndoa ambayo mmoja wao hakuwa na uwezo wa tendo hilo tangu ilipofungwa.

Kwa hiyo, mwanetu, usimpe talaka wiki hii. Mweleze mkeo ukweli, mwombe subira ya muda unaojulikana, na Jumatatu asubuhi mwende hospitali pamoja. Mama mwambie tu kuwa unatibiwa; zaidi ya hapo si haki yake kujua.

WaLlaahu a'lam.