Burma iko herufi gani?

Nimepotea kidogo, kazi za kulipwa zilinibana. Leo sina somo la programu hasa. Ni historia, ila mwishoni kuna mstari mmoja wa msimbo kwa wanaopenda kunakili.

Eastlands ya Nairobi ina masoko mawili yenye majina ya vita. Kariokor ni Carrier Corps ilivyotamkwa na midomo yetu: wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Burma, kando ya Jogoo Road, jirani na Shauri Moyo na Kaloleni, ilirithi jina kutoka kwa askari wa KAR waliopigana Asia katika vita vya pili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa, ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Nchi yenyewe siku hizi inaitwa Myanmar. Soko letu halijasikia habari hiyo.

Shangazi yangu anauza nguo humo. Mwaka juzi jirani yake wa kibanda alianguka ghafla, wakapiga simu kuita ambulansi. Dereva akauliza: "Burma wapi?" Wakamjibu: "Nyuma ya bucha." Anayeijua Burma anajua hapo tatizo liko wapi, maana soko hilo sifa yake ni nyama, na kila kitu kiko nyuma ya bucha fulani. Dereva alizunguka weee. Mama yule alipona, Mungu ni mwema, lakini jioni shangazi akanipigia: "Wewe si mtu wa kompyuta? Tuwekee nambari."

Nikaona ni kazi ya nusu saa. QGIS, programu ya ramani ya bure aliyoianzisha Gary Sherman mwaka 2002, ina zana ya kuchora gridi. Unaipa ukubwa wa mraba, nikachagua mita 20, inakuchorea. Nambari inazozitoa yenyewe ndizo hazifai: zinahesabu kwa kushuka, 1, 2, 3, hadi chini, kisha zinarudi juu safu inayofuata. Mtu aliyesimama mraba wa 7 hawezi kujua kama wa 19 uko kushoto au kulia. Herufi kwa nambari ni bora, B3 iko kando ya C3, basi.

Mtindo huu wa kugawa nchi kwa miraba ya herufi na nambari ulikomaa vitani. Ramani za mahandaki za Waingereza katika vita vya kwanza ziligawa ardhi kwa herufi kubwa, kila herufi ikagawanywa miraba hadi 36 ya yadi 1,000, na kila mraba ukapewa robo nne a, b, c, d. Lengo lilikuwa mzinga upige pale mtu mwingine alipoona, bila maelezo ya "nyuma ya bucha". Mpango wa kijeshi unaotumika sasa duniani uko hivyohivyo, na umeacha kabisa herufi I na O kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Kumbukeni hilo, litanirudia.

Nilitaka gridi yangu ikae sawa na mistari ya kilomita ya ramani ya taifa, laha 148/4, Nairobi, ya kipimo cha 1:50,000. (Soko zima hapo ni kama milimita 4, usitafute kibanda.) Nikaiskani, nikaipa viwianishi, nikachora miraba. Kisha nikaweka picha ya setilaiti chini yake. Soko lilikuwa limehama! Miraba yangu ilikaa kaskazini, juu ya nyumba za watu.

Kosa lilikuwa langu. Laha zile zimepimwa kwa Arc 1960, mfumo uliotokana na mnyororo mrefu wa pembetatu uliopimwa kando ya longitudo ya 30, kwa umbo la dunia alilokadiria Clarke mwaka 1880. Simu yako na setilaiti vinatumia WGS84. Hapa Nairobi tofauti ya mifumo hiyo ni karibu mita 300 kwa kaskazini na kusini, na kama 90 kwa mashariki na magharibi. Nilichagua 32737 mahali pa 21037, tarakimu tu. Kwa miraba ya mita 20 ni safu 15. Ambulansi ingepelekwa Shauri Moyo kwa uhakika kamili.

Hata herufi zenyewe hubadilika. Katika mpango wa kijeshi, mraba wa kilomita 100 wenye Nairobi ni BU ukitumia WGS84. Ukitumia umbo la Clarke 1880, kanuni ya zamani inasogeza herufi ya pili hatua kumi, unakuwa BJ. Ardhi ileile, majina mawili, na wote wawili wanaobishana wako sahihi.

Nikarekebisha, nikachapisha, vijana wakapaka rangi kwenye nguzo. Safu ya tisa ikawa I. Nguzo ya kwanza ikasomeka 11. Wapagazi wa vita vya kwanza wangenicheka.

Lakini pingamizi halisi lilitoka kwa mzee mmoja muuza nyama. Alitazama ramani muda mrefu, akasema: "Kijana, nambari ikishaandikwa, tingatinga linajua pa kuanzia." Sikuwa na jibu. Anayeishi Nairobi ameona alama ya X nyekundu ukutani na anajua kinachofuata. Na mitaa hii ina kumbukumbu ndefu zaidi: tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, jeshi liliuzingira mji, likapekua mtaa kwa mtaa, na maelfu ya watu wakapelekwa kizuizini. Kujulikana ulipo si neema kila mara.

Walibishana wiki mbili. Mwishowe herufi zilibaki kwenye nguzo za njia, si kwenye milango ya vibanda. Nani yuko mraba upi haimo kwenye faili langu. Imeandikwa kwenye daftari moja la jalada gumu, na analishika shangazi. Mzee wa nyama hakuridhika, ila nguzo iliyo mbele yake hajaifuta.

Msimbo ndio huu. Unaenda kwenye lebo za QGIS, @magharibi na @kaskazini ukiziweka mwenyewe kama kingo za gridi yako. Herufi I haimo:

substr('ABCDEFGHJKLMN', 1 + round(("left" - @magharibi) / 20), 1) || (1 + round((@kaskazini - "top") / 20))

Soko lako likizidi safu 13, ongeza herufi, na O uiruke. Kwa leo naishia hapa.