Jibu la Swali Lisiloulizwa

Tarehe 9 Julai 2002 wasimamizi wa utafiti mkubwa wa afya ya wanawake nchini Marekani, ule unaoitwa Women's Health Initiative, walitangaza kwamba sehemu yake moja imesimamishwa kabla ya muda. Wanawake 16,608 walikuwa wamegawanywa kwa kura: nusu wakimeza kila siku kidonge cha homoni mbili, estrojeni na projestini, na nusu wakimeza kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitano na ushei, waliomeza homoni walionekana kupata zaidi saratani ya matiti, kiharusi, maradhi ya moyo na mabonge ya damu mapafuni. Habari ilienea duniani kwa siku chache. Mamilioni ya wanawake waliacha dawa, na madaktari wengi wakaacha kuiandika. Kwa miaka mingi iliyofuata, mwanamke wa miaka 49 aliyekwenda kliniki kulalamika kwamba jasho la usiku halimpi usingizi alijibiwa kwa matokeo ya utafiti huo. Ninachodai ni kwamba alipewa jibu la swali ambalo hakuuliza, na kwamba kosa hilo halikuanza mwaka 2002. Ukiipitia historia ya tiba ya kukoma hedhi toka mwanzo, utaona wataalamu wakishughulika kwa zamu na damu ya mwanamke, ujana wake, moyo wake na mifupa yake, huku kero iliyomtoa nyumbani ikisubiri.

Kero hiyo ina sura yake. Joto huanzia kifuani, ghafla, pasipo jua wala moto. Hupanda shingoni na usoni, moyo ukaenda mbio, kisha jasho likamwagika. Baada ya dakika chache mwili hupoa, na aliyekuwa akijipepea huanza kutafuta shuka ajifunike. Ikija usiku, nguo hulowa na usingizi hukatika. Ikija mara nane au kumi kwa siku, kazi huharibika. Mara nyingi miaka kadhaa kabla ya hedhi kukoma kabisa, mpangilio wake huwa umeshavurugika: mwezi huu inawahi, mwezi ule inachelewa wiki nzima au zaidi, baadaye inapita miezi miwili bila kuonekana, na pengine ikija inakuja kwa wingi kuliko zamani. Wapo wanaopata ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa, viungo kuuma, hasira za karibu, kusahausahau. Wapo pia wanaopita salama bila lolote, wala si wachache. Haya yote yaliandikwa zamani. Daktari Mfaransa Charles de Gardanne alitoa kitabu kizima juu ya umri huo mwaka 1821, na Edward Tilt wa London akachapisha chake mwaka 1857 baada ya kukusanya maelezo ya mamia ya wanawake. Tilt alijua kusikiliza: joto, jasho, kukosa usingizi, vyote vimo. Lakini dawa zake zilitokana na fikra za wakati wake. Damu iliyokosa njia ya kutoka ipunguzwe, tumbo lisafishwe, mishipa ya fahamu itulizwe. Alichoambiwa na wagonjwa kilikuwa sahihi. Alichowafanyia kilitoka kwingine.

Mwishoni mwa karne ya 19 ndipo njia ya kweli ilipoanza kuonekana. Mwaka 1896 Emil Knauer wa Vienna alionyesha kwamba ovari iliyopandikizwa upya mwilini mwa mnyama huendelea kufanya kazi, hata ikikatwa kutoka mahali pake pa asili. Basi kuna kitu inachokimwaga kwenye damu. Mwaka 1923 Edgar Allen na Edward Doisy, wakiwa St. Louis, walikitafuta kitu hicho kwenye majimaji ya ovari za nguruwe, na mwaka 1929 Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, wakapata fuwele za estrojeni kutoka kwenye mkojo wa wajawazito. Mkojo wa binadamu haukutosha kulisha kiwanda. Mwaka 1930 Bernhard Zondek aligundua kwamba mkojo wa farasi mwenye mimba umejaa homoni hiyo, na hapo ndipo biashara ilipopata mgodi wake. Kidonge kiitwacho Premarin kilianza kuuzwa Kanada mwaka 1941 na Marekani mwaka 1942. Nyuma ya kidonge hicho kulikuwa na mabanda marefu ya farasi majike wenye mimba, wamefungwa katika vizimba vyembamba toka majira ya kupukutika majani hadi baridi inapoishia, kila mmoja akiwa na mfuko wa mpira uliotundikwa nyuma yake kukinga mkojo, na mfereji wa kuupeleka kwenye pipa. Wakati huohuo Charles Dodds wa London alikuwa ametengeneza estrojeni ya bei nafuu maabara, mwaka 1938. Hiyo ilipewa pia wajawazito wengi kwa imani kwamba inazuia mimba kutoka, na mwaka 1971 ikabainika kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa walipata saratani adimu ya uke.

Ni lazima isemwe wazi kwamba dawa ya estrojeni ilifanya kazi. Joto na jasho vilipungua kwa kiasi ambacho hakuna dawa nyingine ya wakati ule iliyokifikia, na hadi leo hakuna inayoizidi. Laiti mambo yangeishia hapo. Mwaka 1966 Robert Wilson, daktari wa New York, alitoa kitabu kiitwacho Feminine Forever, akidai kwamba kukoma hedhi ni maradhi ya upungufu kama kisukari, na kwamba kila mwanamke anapaswa kumeza estrojeni hadi kufa ili abaki mwanamke. Miaka mingi baadaye mwanawe alisema kwamba kampuni iliyouza kidonge ndiyo iliyomgharimia. Matangazo katika majarida ya madaktari yalionyesha waume waliopata nafuu kwa kuwa wake zao wametulia. Tazama jinsi swali lilivyobadilishwa: mwanamke alisema halali usiku, akauziwa ujana. Na kwa kuwa ujana hauna mwisho wa kutafutwa, dozi nazo hazikuwa na mwisho. Desemba 1975 tafiti mbili zilizochapishwa pamoja zilionyesha kwamba wanaomeza estrojeni peke yake hupata saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba mara kadhaa zaidi ya wasiomeza. Mauzo yalianguka. Ufumbuzi ulipatikana, nao unatumika hadi sasa: mwenye mji wa mimba lazima aongezewe projestini au projesteroni ya kuulinda ukuta huo, aliyeondolewa mji wa mimba anaweza kutumia estrojeni peke yake.

Kidonge kilirudi miaka ya 1980 na 1990 kikiwa na ahadi nyingine. Safari hii ilikuwa moyo. Tafiti zilizowafuatilia wauguzi wa Marekani zilionyesha wanaotumia homoni wakiugua moyo kidogo kuliko wenzao, na madaktari wakaanza kuwaandikia hata wasio na dalili yoyote. Je, homoni ndiyo iliyowalinda, au watumiaji walikuwa tangu hapo wenye kipato na afya bora? Ili kujua, ndiyo ukaanzishwa ule utafiti wa kura. Swali lake lilikuwa halali kabisa, na nawapongeza waliolisimamia: je, homoni huzuia maradhi sugu kwa wanawake waliokwishavuka umri wa hedhi? Kwa sababu hiyo washiriki walikuwa na wastani wa miaka 63, thuluthi mbili wakiwa wamepita 60, na wenye dalili kali hawakuhimizwa kujiunga, kwani wangejua mara moja kama wamepewa dawa au la. Jibu lilikuja: la, homoni zisitumike kuukinga moyo. Jibu hilo bado limesimama. Kosa lilikuwa kulichukua na kumpa mwanamke wa miaka 49 mwenye jasho, ambaye utafiti ulikuwa umemwacha nje kwa makusudi.

Atasema mtu: saratani ni saratani, na ongezeko la asilimia 26 la saratani ya matiti si jambo la kubishaniwa. Hoja hiyo ina uzito, na haijibiwi kwa kuificha. Inajibiwa kwa hesabu kamili. Kati ya wanawake 10,000 waliomeza kidonge kisicho na dawa, 30 waligunduliwa na saratani ya matiti kwa mwaka. Kati ya 10,000 waliomeza homoni mbili, 38. Ni wanane zaidi, na kila mmoja wao ni mtu. Upande wa pili, waliovunjika nyonga walipungua watano. Sehemu nyingine ya utafiti huohuo, ya wanawake 10,739 wasio na mji wa mimba waliopewa estrojeni peke yake, ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuongezeka. Mwaka 2017, washiriki walipokuwa wamefuatiliwa kwa miaka 18, waliotumia homoni hawakuwa wamekufa zaidi ya wasiotumia. Ndiyo maana miongozo ya leo humwona aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajamaliza miaka kumi tangu hedhi ikome, na asiye na historia ya saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, kuwa mtu anayeweza kutumia homoni kwa faida inayozidi hatari. Na bandiko la ngozini lina hatari ndogo ya damu kuganda kuliko kidonge. Kumnyima maelezo haya ni kumwamulia.

Pingamizi la pili husikika zaidi kwetu: kukoma hedhi ni maumbile, bibi zetu walipita bila dawa wala kelele. Wengine huongeza kwamba zamani wanawake walikufa kabla ya kufika huko, kwa hiyo shida yenyewe ni ya kisasa. Hoja hizi mbili haziwezi kuwa kweli pamoja, na ya pili imekanushwa hapa hapa Tanzania. Miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi wakihesabu saa za kazi na uzito wa chakula. Waliona wanawake waliopita umri wa kuzaa wakichimba viazi pori kwa muda mrefu kuliko binti zao. Mti uliochongwa ncha hukitwa ardhini, jiwe hubanduliwa, udongo hutolewa kwa mkono, na jiwe jingine hujitokeza. Kiazi huchomwa kidogo motoni, hutafunwa, nyuzi zikatemwa. Mama anaponyonyesha kichanga, ni kazi ya bibi inayoonekana kwenye uzito wa mtoto aliyeachishwa ziwa. Watu hawa hawana hospitali jirani, na watoto wengi hufa wadogo. Hata hivyo mwanamke wa Kihadzabe akifika miaka 45 hutarajiwa kuishi takriban miaka 20 zaidi. Umri wa baada ya hedhi ni wa kale kama binadamu.

Ama kwamba bibi hawakulalamika, kunyamaza si ushahidi wa kutoumwa. Mafunzo ya kungwi na somo katika pwani yetu yamelenga kuanza kwa hedhi na kuingia ndoani. Aliyemaliza hedhi hupata heshima, hufunga Ramadhani yote bila siku za kulipa, na huonekana kuwa hana tena la kufundishwa. Heshima hiyo ni ya kweli na ina thamani. Margaret Lock, aliyechapisha kitabu chake juu ya wanawake wa Japani mwaka 1993, alionyesha kwamba walitaja joto la ghafla mara chache kuliko wenzao wa Kanada na Marekani, na walitaja zaidi mabega kukakamaa. Ni kweli basi kwamba dalili hazifanani kila mahali. Lakini asije mtu akatumia ushahidi huo kusema Mwafrika haumwi. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, uliwakuta wenye asili ya Afrika wakipata joto hilo kwa muda mrefu kuliko wote: nusu yao kwa zaidi ya miaka kumi. Hawa si Waswahili, na maisha yao ni mengine. Ila wanatosha kulibomoa dai kwamba ngozi nyeusi ni kinga. Kwetu hofu ya mwaka 2002 ilifika hata pale ambapo dawa haikuwahi kuenea, na kliniki zilizojengwa kwa ajili ya uzazi humpokea mama wa miaka 50 bila kujua zimwandike kwenye daftari gani.

Njia nyingine ilikuwa imeanza kimyakimya kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Naomi Rance wa Chuo Kikuu cha Arizona, akichunguza bongo za wanawake waliofariki, aliona kwamba kwa waliopita hedhi kundi fulani la seli katika hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili, zimevimba. Estrojeni ikiondoka, seli hizo hukosa wa kuzituliza. Kiwango cha joto ambacho mwili hukivumilia hupungua upana, na mabadiliko madogo tu huufanya ubongo uamuru jasho. Ilichukua miaka thelathini kufika kwenye dawa isiyo homoni inayozituliza seli hizo, fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2023. Majaribio yake yalichukua wanawake wa miaka 40 hadi 65 waliokuwa wakipata joto kali au la wastani angalau mara saba kwa siku. Kilichopimwa kilikuwa hicho hicho: limekuja mara ngapi leo, na kwa ukali gani. Desemba 2024 iliongezewa onyo zito kuhusu ini, na anayeitumia hupimwa damu kabla ya kuanza na katika miezi ya mwanzo.