Kiswahili cha Makundi: Kutoka Ombasha hadi Afande mjini Kigali

Tunapofundisha rejesta, mara nyingi tunawapa wanafunzi mifano ya mahakamani, hospitalini na sokoni. Katika makala haya tungependa kuonyesha kwamba mji wa Kigali wenyewe ni mfano mzuri zaidi, kwani hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya makundi maalumu kwa takribani karne nzima.

Kundi la kwanza ni la askari. Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907 kwa niaba ya Wajerumani, utawala ulitegemea askari na makarani waliozungumza Kiswahili. Jeshi hilo lilikuwa na msamiati wake wa vyeo: ombasha, shaushi, efendi. Maneno hayo ni ya asili ya Kituruki, nayo yaliletwa na askari wa Kisudani ambao Hermann von Wissmann aliwaajiri nchini Misri mwaka 1889. Ombasha maana yake ni mkuu wa watu kumi. Raia hakuwa na haja ya kumtofautisha ombasha na shaushi, bali kwa askari tofauti hiyo ilikuwa jambo la kila siku. Hiyo ndiyo sifa ya rejesta.

Kundi la pili ni la wafanyabiashara na Waislamu wa Nyamirambo na Biryogo. Katika enzi ya Wabelgiji walitengewa mtaa wao, ukaitwa kambi ya Waswahili. Maneno yao yaliingia katika Kinyarwanda bila kizuizi: iduka, isoko, isahani, isabune. Hata hivyo, wenye maneno hawakupokewa vivyo hivyo. Kwa wengi, kumwita mtu Mswahili kulimaanisha Mwislamu wa mjini, na mara nyingine mtu mjanja asiyeaminika. Maneno yaliingia ndani, wasemaji wakabaki kizingitini.

Kundi la tatu lilitoka Uganda. Wengi wa wapiganaji wa RPF walioanzisha vita Oktoba 1990 walikuwa wamehudumu katika jeshi la Uganda, ambamo Kiswahili ni lugha ya kambini. Walipoitwaa Kigali Julai 1994, walikuja na Kiswahili chao, likiwemo neno afande. Neno hilo ni lile lile efendi la enzi ya Kandt, ila safari hii lilipitia njia nyingine.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi. Lakini sheria haifuti historia. Mwanafunzi aliyekisikia Kiswahili katika amri na katika bei huweza kusema "simama" na "punguza", akakwama anapotakiwa kutoa pole msibani, kupinga hoja kwa adabu au kuandika barua ya maombi. Aidha, mwingine hukiona bado kuwa lugha ya watu fulani, si yake.

Walimu wenzetu, tusimkataze mwanafunzi Kiswahili cha kambini wala cha Biryogo, kwa kuwa ndicho kilichoihifadhi lugha hii Kigali. Tumtake aeleze nani husema hivyo, wapi, na kwa nini. Kisha tumwongezee rejesta alizonyimwa. Lugha huwa ya wote pale kila mtu anapoweza kuitumia hata nje ya kundi lake.