Baridi Yabisi: Maradhi ya Magoti katika Njia ya Misafara, Tiba Yake na Hukumu ya Swala

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, pale Usinge palikuwa na mzee mmoja ambaye safu ya kwanza ya swala ya alfajiri ilikuwa haikamiliki bila yeye. Zikapita wiki tatu hatumwoni. Tulipokwenda kumzuru tulimkuta ukumbini, mguu kaunyoosha, goti limevimba. Akasema: "Sheikh, kushuka sijda nashuka. Kuinuka ndiko kunakonishinda. Imamu akishatoa takbira, watu wote wamesimama, mimi bado natafuta ukuta. Naona haya." Kisha akaongeza neno lililotushtua: siku ambazo goti humzidi huiacha swala mpaka lipoe, ndipo hukidhi.

Mzee yule alikuwa na maradhi mawili. La goti lilihitaji tabibu, na la kuiacha swala lilihitaji elimu. Makala haya yanayashughulikia yote mawili.

Jina limetoka wapi?

Waswahili huyaita maumivu ya viungo "baridi yabisi". Wengi hulitamka jina hili bila kujua kuwa limebeba historia. Katika Kiarabu, *baarid* ni kitu cha baridi na *yaabis* ni kitu kikavu. Matabibu wa zamani, wakifuata elimu ya Wayunani kama Jalinus, waliugawa mwili katika tabia nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Baridi pamoja na ukavu ilikuwa ndiyo tabia ya *sawdaa*, yaani nyongo nyeusi. Kwa hiyo bibi yetu wa Tabora anaposema "nina baridi yabisi" anasema lugha ya vitabu vya tiba vya Baghdad.

Wanavyuoni wa Kiislamu waliipa elimu hii uzito mkubwa. Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki mwaka 313 Hijria (925 Miladia), aliandika juu ya maumivu ya viungo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), aliyazungumza katika *Al-Qanun* pamoja na *niqris*, ambayo Waswahili huiita jongo. Matabibu hao waliitibu jongo kwa mmea wa *suranjan*, na hadi leo hospitali hutumia dawa ya kolkisini inayotokana na mmea huo huo. Ama nadharia ya nyongo nne, elimu ya leo imeiacha. Hili halina aibu, kwani tiba ni elimu ya majaribio, na kila kizazi huchuja kilichopokewa kutoka kwa waliotangulia.

Magoti yaliyobeba njia

Usinge ipo magharibi ya Tabora, katika ukanda uliopitiwa na misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Kazeh katika Unyanyembe, kisha ikaelekea mto Malagarasi, Uvinza na Ujiji. Wafanyabiashara wa Kiarabu kama Snay bin Amir al-Harthi waliweka makazi Kazeh, na kwa njia hiyo hiyo Uislamu uliingia bara.

Lakini biashara ile haikutembea kwa ngamia wala kwa punda. Ilitembea kwa magoti ya wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 hivi: pembe za ndovu zikienda pwani, nguo, shanga na nyaya za shaba zikija bara. Safari ya Mwingereza Richard Burton kutoka pwani hadi Kazeh ilichukua siku 134, akawasili tarehe 7 Novemba 1857. Januari 1858, alipokuwa magharibi ya Kazeh, homa ilimpoozesha miguu akawa hawezi kutembea. Akabebwa kwa machela. Zingatia hapo, ndugu msomaji: aliyeshindwa na miguu yake alivushwa kwa magoti ya wenzake.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo mingi ilihama kutoka mabegani kwenda kwenye mabehewa, na Usinge yenyewe ikawa stesheni. Hata hivyo jembe la mkono halikuondoka, wala ndoo ya maji kichwani. Mkulima wa tumbaku bado huinama na kunyanyua tangu ujana hadi mvi. Watafiti wamethibitisha kwamba kazi ya kunyanyua vitu vizito, kuchuchumaa na kupiga magoti kwa miaka mingi huongeza uwezekano wa goti kuharibika.

Goti hupatwa na nini?

Mfupa wa paja na mfupa wa muundi hukutana gotini. Ncha za mifupa hii zimevikwa gegedu, nalo ni laini na linateleza, na katikati mna majimaji mfano wa mafuta ya mashine. Maradhi haya yakiingia, gegedu hulika, mfupa huota vijichomozo, utando wa ndani huvimba, na misuli ya paja hulegea kwa kutotumika. Watu husema "magoti yamesagika". Dalili zake ni maumivu wakati wa kutembea au kuinuka, ukakamavu wa asubuhi unaopungua baada ya muda mfupi, mlio gotini, na pengine uvimbe.

Sababu zake ni umri, uzito mkubwa, jeraha la zamani, kazi nzito na urithi wa ukoo. Wanawake hupatwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani waliishi na maradhi haya ya viungo, na goti ndilo lililoathirika zaidi, kwa watu milioni 365. Basi asidhani mgonjwa kuwa karogwa.

Lakini tahadhari: goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, pamoja na homa, hayo si maradhi ya uzee. Huenda ni usaha ndani ya kiungo. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tiba isiyo na kisu

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua alielekezwa kwa al-Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif. Kwenda kwa mjuzi, basi, ni katika mwenendo wa Mtume.

Kwanza ni mazoezi. Wengi hudhani goti linalouma lipumzishwe moja kwa moja, na hilo ni kosa. Keti kitini, nyoosha mguu mmoja mbele, ukaze msuli wa paja, hesabu mpaka tano, kisha ushushe polepole. Rudia mara kumi kila mguu, kila siku. Ongeza kutembea kwa kiasi unachokiweza. Katika utafiti wa wagonjwa 156 uliochapishwa mwaka 2020, waliofanyiwa tiba ya mazoezi walikuwa na hali bora baada ya mwaka kuliko waliochomwa sindano ya steroidi.

Pili, mwenye uzito uliozidi aupunguze. Imepimwa kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua.

Tatu ni bakora. Ishikwe kwa mkono wa upande wa goti zima, si wa goti bovu, na itangulie pamoja na mguu mgonjwa. Viatu viwe na soli laini isiyoteleza.

Nne ni dawa. Ya kuanzia ni ya kupaka yenye diklofenaki, kwa kuwa madhara yake mwilini ni machache. Vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki hutuliza, lakini vikitumika ovyo huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na hupandisha shinikizo la damu, basi visitumike bila ushauri wa daktari. Sindano ya steroidi gotini hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa tu. Vidonge vya glukosamini vinauzwa ghali, na miongozo ya tiba ya Uingereza ya mwaka 2022 haivipendekezi.

Ama hijama, anayeona nafuu kwayo asikatazwe, ila ajue kuwa haioteshi gegedu upya. Nasi tunawaonya ndugu zetu juu ya unga na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa minadani. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho, kumbe ndani mlifichwa diklofenaki na deksamethasoni. Mgonjwa hupata nafuu ya ghafla, naye hajui kinachomharibu. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Wauzaji na walitafakari hilo.

Hukumu ya swala

Asili ni hadithi ya 'Imran bin Huswayn (R.A.) katika Sahihi ya Bukhari. Alikuwa mgonjwa, akaelekezwa aswali kwa kusimama. Akishindwa, kwa kukaa. Akishindwa, kwa ubavu. Hakuelekezwa kusubiri apone. Kwa hiyo mwenye akili timamu hana ruhusa ya kuitoa swala nje ya wakati wake kwa sababu ya goti.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, kisimamo ni nguzo ya swala ya faradhi kwa mwenye uwezo, na kisicho rahisi hakikiangushi kilicho rahisi. Anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu, asimame, kisha akae na aashirie, sijda yake iwe chini kuliko rukuu yake. Anayeweza kuiweka paji chini, aiweke. Anayeweza kisimamo kwa kuegemea ukuta au bakora, aegemee. Na anayeshindwa kuinuka tu, ilhali akishainuliwa husimama bila taabu, mafakihi wamesema atafute wa kumwinua, hata kwa ujira wa kawaida akiwa nao. Akizidiwa na mashaka makubwa yanayomwondolea khushui, akae, na ujira wake kamili haupungui kwa kuwa ana udhuru.

Tunatahadharisha pande mbili. Yuko anayekaa kitini kwa uvivu, naye sokoni husimama tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Huyo swala yake ya faradhi ina mushkeli. Na yuko anayejilazimisha mpaka akaanguka, kwa kuona haya. Huyo ameikataa ruhusa ya Mola wake. Maimamu nao waachie nafasi ya viti katika safu, wasiharakishe kuinuka, na wasiwaache vijana kuwacheka wazee.

Mzee wetu wa Usinge tulimwambia: "Mzee wangu, hukumu yako si kukaa nyumbani. Hukumu yako ni bega la jirani yako." Siku ya pili mjukuu wake alisimama kulia kwake. Kila imamu alipotoa takbira, kijana alimpa mkono, na mzee akasimama. Nchi hii zamani ilibeba mizigo ya watu kwa magoti ya vijana wake. Kumwinua mzee mmoja kutoka sijda ni mzigo mwepesi.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na azithibitishe nyayo zetu. Wallahu a'lam, wabillahit tawfiq.